Zile fito ubavuni mwa manowari za zamani: nyavu za torpedo zilifanya kazi kweli?

Kasia_Moja

Wakuu, salaam.

Wiki nzima napekua picha za manowari za kati ya 1885 na 1915, na kuna kitu kinanisumbua. Karibu kila meli kubwa ina fito ndefu zilizolazwa mshazari ubavuni, moja baada ya nyingine, kama mbavu za mbuzi aliyekonda. Kwenye picha chache fito hizo zimenyooshwa nje, na zimening'iniza kitu kama pazia la chuma mpaka majini. Nimesoma kwamba hizo ni nyavu za kuzuia torpedo, yale mabomu yanayojiendesha chini ya maji. Halafu nikifika picha za baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hola, fito hazipo.

Zilifanya kazi? Kama zilifanya, mbona ziliondolewa? Kama hazikufanya, mbona watu wazima na akili zao walizibeba zaidi ya miaka 30? Na zilipoondoka kikaja nini? Mnisamehe kama swali ni la kitoto. Mimi si mtu wa bahari, napenda picha tu.

Nahodha_wa_Kiti

Si la kitoto. Jibu la haraka: zilimfaa aliyetia nanga. Meli ikianza kwenda, maji yanauinua wavu kama shuka kwenye kamba siku ya upepo, na chini panabaki wazi. Nahodha ama aende mwendo wa kobe ama azikunje. Mabaharia walikuwa wakishindanishwa mazoezini nani azitoe na kuzikunja upesi, na kwa wengine naona hilo likawa ndilo lengo lenyewe.

Kwamba hazikuwa mapambo, tazama Port Arthur, bandari waliyoishika Warusi kule China. Usiku wa kwanza wa vita vya Urusi na Japani, Februari 1904, meli za Urusi zimekaa na taa zao, hazijajifunika. Wajapani walirusha torpedo 16, meli tatu zikatobolewa: Tsesarevich, Retvizan na Pallada. Desemba mwaka huohuo, meli Sevastopol ilikuwa peke yake nje ya bandari, imejizungushia nyavu na magogo. Ilirushiwa torpedo zaidi ya 100, usiku baada ya usiku, na haikuzama. Warusi wenyewe ndio walioizamisha Januari 1905, ngome iliposalimu amri.

Sasa upande wa pili. 25 Mei 1915, nje ya Gallipoli, Uturuki, meli ya Uingereza Triumph ilikuwa na nyavu zake majini. Nyambizi U-21 ya Ujerumani ikarusha torpedo, na wavu ukapitwa kana kwamba ni utando wa buibui. Siku mbili baadaye nyambizi ileile ikaizamisha Majestic, nayo ikiwa na nyavu zake nje. Baada ya hapo watetezi wa nyavu waliadimika.

Fundi_Valvu

Nahodha kaeleza matukio vizuri. Mimi niingie kwenye mitambo, maana huko ndiko kesi ilikoamuliwa. Nimekaa vyumba vya injini vya meli za mizigo miaka 26, kazi yangu pampu, kompresa na valvu, kwa hiyo nikisoma habari za Robert Whitehead namwona fundi mwenzangu, simwoni mwanajeshi.

Kwanza jina. Kabla yake, torpedo ilikuwa bomu lolote la majini: la kuelea, la kutegwa, la kufungwa kwenye ncha ya mti. Limetokana na jina la samaki taa mwenye umeme, yule anayekutia ganzi. Tarehe 17 Februari 1864, nje ya Charleston, Marekani, nyambizi Hunley iliizamisha meli Housatonic kwa bomu lililofungwa kwenye ncha ya mlingoti wa mbele. Hunley yenyewe haikurudi. Waliiopoa mwaka 2000. Silaha ya namna hiyo ni mkuki ambao lazima uushike mpaka mwisho.

Ofisa wa jeshi la majini la Austria, Giovanni Luppis, akawaza kimashua cha kulipuka kinachoongozwa kwa kamba kutoka pwani. Wazo likamfikia Whitehead, Mwingereza aliyekuwa akiendesha kiwanda cha mitambo Fiume, ambayo leo ni Rijeka, Kroatia. Whitehead akazitupa kamba, akaitia mashine yote chini ya maji na kuiendesha kwa hewa iliyobanwa. Hiyo ni 1866. Ilikwenda noti 6 na nusu hivi, yaani kilomita 12 kwa saa, na masafa yake yalikuwa kama mita 200. Kijana mwenye pumzi angeiacha.

Lakini mwendo haukuwa ndio ugomvi. Ugomvi ulikuwa kina. Ikipita juu mno inaonekana na kugonga chuma kinene; ikipita chini mno inapita bila hodi.

Hapa nina ushahidi wa mikono yangu. Nilipostaafu nilitengeneza mfano: bomba la plastiki la sentimita 80, mota ya gari la kuchezea, kiwambo nilichokikata kwenye glavu ya mpira, na springi ya kalamu. Kiwambo kinasikia uzito wa maji. Chombo kikizama, maji yanakisukuma kiwambo ndani, usukani unainua pua. Kikipanda, springi inashinda, pua inainama. Kwenye karatasi hakuna kosa. Kwenye bwawa la kuogelea kilikwenda kama pomboo: chini, juu, chini, juu, kila wimbi kubwa kuliko lililotangulia, mpaka kikaruka nje ya maji na kuangukia tumbo. Nilikaa ukingoni nusu saa ndipo nikaelewa. Kiwambo kinajua uko wapi, hakijui unaelekea wapi. Kinapogundua kwamba kina kimefika sawasawa, pua tayari inatazama mbinguni.

Whitehead aliteswa na jambo hilohilo. Dawa yake ya 1868 ilikuwa timazi, uzito unaoning'inia ndani na kuunganishwa na usukani uleule. Pua ikiinuka, timazi linabembea nyuma na kuipunguza amri ya kiwambo kabla mambo hayajazidi. Nami nikatundika chubwi ya kuvulia, na chombo changu kikatulia palepale. Chumba chenye vitu hivyo viwili kiliitwa tu "Siri", na nchi zilizonunua zilitakiwa kuitunza. Nikifikiria kwamba siri kubwa ya kivita ya zama zile ilikuwa jiwe la kuning'inia, nacheka peke yangu.

Sasa turudi kwenye wavu. Wavu ulishonwa dhidi ya torpedo ya miaka ya 1870, na torpedo ya miaka ya 1870 ilikuwa mgonjwa. Ya kwanza kabisa kurushwa vitani ilitoka meli ya Uingereza Shah, 29 Mei 1877, kuelekea meli ya waasi wa Peru, Huáscar. Huáscar ikageuza, ikaondoka, torpedo ikashindwa kuifikia. Dhidi ya kitu kinachokimbiwa hivyo, pete za chuma zilizosukwa na kutundikwa mita 9 kutoka ubavuni zilitosha kabisa.

Halafu mgonjwa akapona. Miaka ya 1890 ikaja jairoskopu, ambayo ni pia tu, ile ya watoto, inazungushwa kwa kasi na inakataa kugeuzwa, hivyo inaushika usukani wa kushoto na kulia. Hewa ikaanza kupashwa moto kabla ya kuingia kwenye injini, mwendo na masafa vikapanda mara kadhaa. Na puani wakafunga mikasi ya kukatia wavu. Wavu ukafanywa mzito zaidi, mkasi ukafanywa mkali zaidi. Lakini uzito wa wavu una mwisho, kwa sababu kuna fito za kuubeba na watu wa kuuvuta. Tena, kombora moja likivunja fito, wavu unaangukia rafadha, na meli imejifunga miguu yenyewe katikati ya mapigano. Mimi kule chini chumba cha injini ningeuogopa wavu wetu kuliko torpedo yao.

Ulichouliza mwisho, kilichokuja badala yake: vitambi. Sitanii. Mhandisi wa meli Eustace Tennyson d'Eyncourt aliongeza matumbo ya chuma pande zote mbili za meli, yenye vyumba vitupu na vyenye maji, ili torpedo ilipukie huko, mbali na ukuta wenyewe. Kruza (manowari za ukubwa wa kati) kuukuu za Uingereza, Grafton na Edgar, zilivishwa vitambi 1915. Grafton ikapigwa torpedo 1917, Edgar 1918. Zote mbili zilibaki juu ya maji. Baadaye Mwitaliano Pugliese akaja na bomba kubwa tupu lililowekwa ndani ya nafasi yenye kimiminika, bomba lipondeke badala ya meli. Kama fundi nalipenda wazo lile kwa moyo wote, ila vitani halikufua dafu.

Zaidi ya hapo ni miguu: kwenda kasi na kwenda kwa kukatakata kona. 22 Septemba 1914, kruza tatu za Uingereza, Aboukir, Hogue na Cressy, zilikuwa zikienda taratibu na moja kwa moja. Nyambizi moja, U-9, ikazimaliza zote tatu ndani ya saa moja na nusu, na watu zaidi ya 1,400 wakafa. Mbili za mwisho zilipigwa kwa sababu zilisimama kuokoa wenzao.

Bi_Dira

Fundi, shikamoo. Nimeipenda ile chubwi.

Ila niwasahihishe nyote wawili: nyavu hazikutupwa, zilihama. Zilitoka ubavuni mwa meli zikaenda mdomoni mwa bandari, na huko ziliendelea kufanya kazi kwenye Vita Kuu ya Pili. Pale zilipokosekana, watu walilia.

Taranto, bandari ya Italia, usiku wa 11 Novemba 1940. Waitaliano walihitaji mita 12,800 za nyavu kuzizungushia meli zao; zilizokuwa majini ni mita 4,200. Maputo ya kuzuia ndege yalikuwa yameng'olewa mengi na upepo. Waingereza wakaja na ndege 21 aina ya Swordfish, za mabawa mawili mawili na vitambaa, zenye mwendo wa kuonewa huruma. Za torpedo zilikuwa 11 tu. Meli kubwa tatu zikaketi chini: Conte di Cavour, Littorio na Caio Duilio. Hata nyavu zilizokuwepo hazikufika sakafuni, na torpedo zilipangwa zipite chini yake.

Kilichonifurahisha kwenye kisa hicho ni ujanja wa kuangusha. Torpedo ikitupwa kutoka ndege kwenye maji machache, inapiga mbizi na kuchomeka kwenye tope. Waingereza walifunga waya puani, wenye kuviringishwa kwenye gurudumu chini ya ndege. Torpedo inapoanguka waya unaivuta pua, inatua kwa tumbo. Wajapani walilifikia jambo lilelile kwa njia yao, mapezi ya mbao mkiani yanayovunjika yakigusa maji. Pearl Harbor, bandari ya Wamarekani huko Hawaii, kina chake kilikuwa mita 12 hivi, na wakubwa wa pale waliona maji machache ni kinga tosha, nyavu zingesumbua tu njia za meli. 7 Desemba 1941 zikaja ndege 40 za torpedo.

Kasia_Moja

Nimeelimika kuliko nilivyotarajia, asanteni. Lakini naona hadithi yenu inakwenda upande mmoja: kila kinga inakuja, torpedo inaikwepa. Hakuna kinga hata moja iliyowahi kuishinda kwa miaka mizima?

Fundi_Valvu

Marahaba, Bi Dira. Na umesema kweli kuhusu kuhama.

Kasia, ipo moja iliyoishinda karibu miaka miwili. Kinga hiyo haikujengwa na adui. Ni ofisi ya watengenezaji wenyewe.

Marekani iliingia vitani Desemba 1941 na torpedo iitwayo Mark 14. Ilikuwa ghali, karibu dola 10,000 moja, kwa hiyo wakati wa amani hawakupenda kuzilipua kwa majaribio. Kiwashio chake cha sumaku, kile kilichotakiwa kulipuka chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa meli, kilijaribiwa kwa baruti halisi mara mbili tu, 1926. Vita vilipoanza manahodha wa nyambizi wakawa wanarudi mikono mitupu: tumelenga vizuri, zimepita chini. Jibu la ofisi: lengeni vizuri zaidi.

Juni 1942, huko Albany, Australia Magharibi, Admirali Charles Lockwood alichoka na barua. Akanunua wavu. Wavu wa kuvulia samaki, Kasia, wa mvuvi. Akautandaza majini, akaamuru nyambizi Skipjack irushe torpedo zipite humo. Kisha wakapima matundu. Torpedo iliyopangiwa mita 3 ilikuwa imetoboa wavu kwenye mita 7 na zaidi. Mimi hapo nilisimama nikapiga makofi. Nyavu zote za pete za chuma zilizotundikwa kwenye zile fito zako, na uliofanya kazi kubwa kuliko zote ulikuwa wa kuvulia samaki, tena haukuzuia kitu, ulionyesha tundu tu.

Sababu? Rudi kwenye glavu yangu. Kichwa cha vita, kile chenye baruti, kilikuwa kizito kuliko kile cha mazoezi walichopimia. Na kile kiwambo walikiweka mahali maji yanapopita kasi kuzunguka mwili wa torpedo. Maji yanayopita kasi yanasukuma kidogo, kwa hiyo kiwambo kikadhani kiko juu, kikaamuru chini. Chombo cha kurekodi kina kwenye majaribio kilikuwa na kasoro ileile, kwa hiyo vyote viwili vilidanganya kwa sauti moja. Fundi yeyote aliyewahi kupima presha kwa geji mbili mbovu kutoka boksi moja anaijua hali hiyo.

Hawakumaliza. Kina kikarekebishwa, kikafuata kiwashio cha sumaku kulipuka mapema, nacho kikazimwa. Ndipo 24 Julai 1943 nyambizi Tinosa, chini ya Dan Daspit, ilipoikuta meli kubwa ya mafuta ya Japani, Tonan Maru Namba 3. Alifanikiwa kuisimamisha. Meli imesimama, yeye kajipanga pembe ya mraba kama kwenye kitabu. Akarusha moja. Dafu. Nyingine. Dafu. Jumla alirusha 15, na 11 ziligonga ubavu bila kulipuka. Akabakiza moja, akarudi nayo bandarini, ifunguliwe.

Lockwood akaamuru majaribio: torpedo zikapigwa kwenye mwamba wa Kahoolawe, kisiwa cha Hawaii, na vichwa vikaning'inizwa kwenye winchi na kuangushwa mita 27 juu ya bamba la chuma. Kikianguka wima, saba kati ya kumi havikulipuka. Kikianguka kwa mshazari, vingi zaidi vilifanya kazi. Maana yake pini ya kufyatulia ilikwama kwa mgongano ule wa nguvu kabla ya kufika kwenye fataki. Nahodha aliyelenga vibaya alikuwa na bahati kuliko aliyelenga vizuri! Mpaka pini mpya zilipokuja, waliambiwa wapige kwa mshazari.

Wajerumani nao walipitia aibu ya namna hiyo Norway, Aprili 1940. Hewa iliyoongezeka ndani ya nyambizi ilivuja hadi kwenye chumba cha kiwambo na kukiharibia hesabu. Kiwambo tena.

Nahodha_wa_Kiti

Ndiyo maana 2 Mei 1982 nahodha wa nyambizi ya nyuklia ya Uingereza, Conqueror, akiwa na torpedo za kisasa za kujiongoza, alichagua kuipiga General Belgrano ya Argentina kwa Mark 8, muundo wa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Tatu zilirushwa, mbili zikapiga, na watu 323 wakafa.

Kasia_Moja

Na hizo za kujiongoza zenyewe zinazuiwaje? Wavu hauwezi tena, kitambi sijui.

Fundi_Valvu

Kitambi hakisaidii kitu kwa torpedo inayolipuka chini ya mkuku. Pale mlipuko hautoboi. Unatengeneza povu kubwa la gesi, meli inainuliwa katikati, kisha povu linasinyaa na meli inakosa cha kulalia. Uti wa mgongo unavunjika.

Kwa hiyo kinga ikahamia kwenye kudanganya. Septemba 1943 Wajerumani walileta torpedo inayosikiliza kelele za rafadha na kuzifuata. Washirika wakajibu kwa mabomba ya chuma yaliyofungwa sambamba na kuburutwa nyuma ya meli, yagongane na kupiga makelele kuliko rafadha. Waingereza waliita chao Foxer. Ni bati la kuogofya ndege, basi. Kero yake ni kwamba kelele ileile iliwaziba masikio wenyewe wasiisikie nyambizi. Meli za leo zinaburuta mtoto wa mtoto wake, Nixie ya Wamarekani, inayocheza sauti ya meli kwa spika. Nao Warusi wakatengeneza torpedo isiyosikiliza chochote: inafuata mkia wa mapovu ambao meli inauacha nyuma yake. Huwezi kuburuta mkia wa uongo.

Mimi sitegemei silaha yoyote inayoitwa haikwepeki. Naikumbuka Tang, nyambizi ya Marekani, Oktoba 1944. Torpedo yake ya mwisho, ya 24, ya umeme, usukani ulikwama, ikazunguka duara na kurudi kumpiga mwenye mali. Katika watu 87 walipona 9.

Kasia_Moja

Mzee Fundi, huo mfano wako bado upo? Nina mwanangu wa miaka 12, tungejaribu.

Fundi_Valvu

Upo juu ya kabati, pua imepasuka. Siku ya tatu gundi ya usukani ililegea, ukakwama kushoto. Mimi nimesimama bwawani maji ya kiunoni, najisifu kwa wajukuu. Kikazunguka nyuma yangu, kikanigonga mfupa wa goti, nikachechemea siku nne.

Michoro nitakutumia. Glavu iwe ya mpira mwembamba, si ile ya jikoni. Na kabla ya kuwasha, mfunge kamba mkiani, na mtoto asimame nje ya maji.